Nikifika mji wa ugenini kwa masomo, nianze na lipi?

Swali

Ndugu zangu, nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja katika chuo cha nje kupitia mpango wa kubadilishana wanafunzi, na viza ninayo tayari. Chuo kimenitumia orodha ndefu ya mambo ya kushughulikia nikifika: kujiandikisha kwa mamlaka ya mji, kufungua akaunti ya benki, bima ya afya, laini ya simu na usajili wa masomo. Orodha hiyo haisemi lipi litangulie, nami naona kila jambo linadai karatasi inayotokana na jambo jingine. Nawaomba mliokwisha kupita njia hii mnieleze nianzie wapi.

Jibu la kwanza

Hongera sana. Anza na makazi, tena kabla hujapanda ndege, kwa sababu karatasi nyingine karibu zote huning'inia kwenye uthibitisho wa mahali unapoishi. Muulize mwenye nyumba au ofisi ya mabweni waziwazi kama utapewa mkataba wenye jina lako, pamoja na barua ambayo mamlaka ya mji itaikubali. Vyumba vingi vya kupanga kwa muda mfupi havitoi barua hiyo, na bila hiyo mtu huweza kukaa wiki kadhaa asijiandikishe, ilhali muda unaotolewa ni mfupi. Ujerumani hutoa wiki mbili tangu kuhamia katika nyumba. Uholanzi humtaka anayekaa zaidi ya miezi 4 ajiandikishe ndani ya siku 5 tangu kuwasili. Italia humtaka mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, anayekaa zaidi ya miezi 3, aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi. Katika miji mikubwa nafasi za miadi hujaa mapema, hivyo pale inaporuhusiwa, weka miadi kwa intaneti kabla ya safari.

Nakusihi pia usitume amana kwa mtu anayedai yuko nchi nyingine na kwamba hawezi kukuonyesha chumba. Huo ni utapeli unaowalenga wageni hasa. Kwa muhula mmoja, mimi ningechagua bweni la chuo hata kama limechakaa kidogo. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha za kila kasoro na umtumie msimamizi kwa barua pepe, ili tarehe ibaki kwenye kumbukumbu na usije ukakatwa amana kwa uharibifu uliokuwepo kabla yako.

Jibu la pili

Suala la makazi limeelezwa vizuri, kwa hiyo naongeza la fedha na la dawa. Akaunti ya benki inaweza kuchelewa, basi safiri na kadi mbili unazozihifadhi mahali tofauti. Mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama ukatwe kwa sarafu ya nyumbani, kataa, uchague sarafu ya nchi uliyopo, kwa kuwa kiwango cha ubadilishaji cha mashine hiyo kwa kawaida ni kibaya zaidi.

Dawa zako zibaki katika vifungashio vyake, pamoja na cheti cha daktari kinachotaja kiambato chake, maana majina ya kibiashara hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Hakikisha pia kwamba zinaruhusiwa huko: Japani, kwa mfano, hairuhusu mgeni kuingia na dawa zenye amfetamini hata akiwa na cheti. Bima nayo ianze siku unayotua, wala si siku ya kufunguliwa kwa muhula.

Muulizaji

Nawashukuru mno. Bweni langu litafunguliwa siku chache baada ya mimi kufika. Je, siku za kujiandikisha zitahesabiwa tangu lini?

Jibu la tatu

Inategemea sheria ya nchi, kama mifano ya hapo juu inavyoonyesha: wengine huhesabu tangu kuwasili, wengine tangu kuhamia. Iandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa leo, uombe jibu la maandishi, na uulize kama unaweza kuingia bwenini mapema. Ikiwezekana, fika siku ya kazi na mchana, kwani ofisi nyingi zinazotoa funguo hufungwa mwishoni mwa wiki. Ukiwa hapo hapo, omba cheti cha kuwasili kisainiwe, kwa sababu baadhi ya vyuo havitoi ruzuku mpaka vikipokee.