Naombeni ushauri: namna salama ya kusafisha injini ya IST iliyojaa vumbi na oili

Mkazi wa Dodoma (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 2NZ, niliyoinunua mkononi kwa mtu miaka mitatu iliyopita. Barabara ya mtaani kwetu ni ya vumbi tupu, hivyo kila nifunguapo boneti nakuta injini imefunikwa na udongo mwekundu. Upande wa nyuma, kuelekea ukuta unaoitenganisha injini na abiria, udongo huo umelowa oili na kugeuka tope zito ambalo ukilikwangua kwa ukucha linabanduka kama ukoko wa ugali.

Mwaka jana nililipeleka gari mahali wanapoosha magari, nikiwa nimetoka safarini na injini bado ina moto. Kijana akapiga maji ya presha moja kwa moja juu ya injini, mvuke ukapanda, na nilipowasha gari likaanza kutetemeka, likakosa nguvu na taa ya injini ikawaka. Fundi alipochomoa koili, zile zinazotoa umeme wa kuwasha plagi, alikuta plagi mbili zimezama kwenye maji, na koili moja ikabidi ibadilishwe. Tangu siku hiyo sijathubutu kuigusa. Hata hivyo, nikisimama kwenye foleni nasikia harufu ya oili inayoungua, na gari hili ndilo linalompeleka mama yangu kliniki kila mwezi. Naomba mnielekeze namna ya kusafisha bila kuharibu kitu.

Kijana wa Gereji

Mkuu, chukua petroli kidogo na brashi ya kupakia rangi, sugua sehemu zenye oili, kisha futa kwa kitambaa. Petroli inakata oili haraka na haiachi maji kwenye nyaya. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi.

Spana Namba Kumi

Ndugu Mkazi wa Dodoma, ushauri huo wa petroli naomba usiufuate kabisa, na ninamwomba na mdogo wangu aliyeutoa auache. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata pasipo joto, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutuama chini ya injini, mahali ambapo huwezi kuuona. Cheche moja ya betri inatosha. Dizeli nayo, ambayo baadhi ya waosha magari huipaka ili injini ing'ae, hulainisha mipira na mikanda, na huacha utando unaokamata vumbi upya ndani ya siku chache.

Sasa nije kwenye swali lako. Kilichokupata mwaka jana kina maelezo yake. Injini yako ina koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake ndani ya shimo refu linalopita katikati ya kava ya tapeti, yaani mfuniko wa juu wa injini. Mpira wa koili huzuia mvua na matone ya kawaida, lakini maji ya presha huupita, yakatuama shimoni, na umeme uliopaswa kuruka kwenye ncha ya plagi ukapita kwenye maji. Ndiyo maana gari lilimisi, yaani likatetemeka na kukosa nguvu. Presha hiyo hiyo husukuma maji ndani ya soketi za nyaya, na hapo madhara hayaonekani siku ile ile. Huja baada ya miezi, pini zinapoota kutu ya kijani.

Fanya hivi. Acha injini ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kava na kukiacha hapo bila kuungua, kwa sababu chuma cha moto kikipigwa na maji ya baridi kinaweza kupasuka, hasa manifoldi ya ekzosti, yaani bomba linalokusanya moshi unaotoka kwenye injini. Ondoa kwanza uchafu mkavu, yaani majani na vumbi, kwa brashi laini. Funika koili, alteneta inayochaji betri, kisanduku cha fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa. Kisha pulizia sabuni ya kuyeyushia grisi, ile ya kuchanganywa na maji, kwenye sehemu zenye tope la oili tu. Iache dakika chache bila kukauka, sugua kwa brashi ya rangi na mswaki wa zamani, na uondoe kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Ndoo moja ya maji inatosha. Palipo na tope zito utarudia mara mbili au tatu, na usione uvivu.

Kuna jambo ninalotaka ulipe uzito kuliko usafi wenyewe. Oili haitoki hewani. Kwenye injini yako manifoldi ya ekzosti iko upande wa nyuma, huko huko ulikosema tope limejaa, na harufu unayoisikia kwenye foleni inaniambia kwamba oili inadondokea kwenye chuma cha moto. Gasketi ya kava ya tapeti, yaani mpira unaoziba ungio lake, ndiyo ninayoishuku. Ukishasafisha, endesha siku mbili tatu, kisha uangalie kwa tochi ni wapi unyevu mpya unaanzia. Kabla ya kusafisha usingeweza kupaona.

Mama Wawili

Kaka, naongezea kuhusu betri. Fungua waya wa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha uanze na chanya, umalizie na hasi. Redio itasahau stesheni, na mngurumo wa gari likiwa limesimama unaweza kubadilika kidogo kwa muda, usishtuke.

Kwa kufunikia, tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwaka 2019 mimi hutunza mifuko ya mkate. Inatosha kabisa kwenye koili na alteneta, ukiifunga kwa selotepu. Hesabu umefunga mifuko mingapi, uandike, na ukimaliza uhesabu tena, kwa sababu mfuko uliosahaulika karibu na mkanda unaweza kuvutwa na kukwama.

Kijana wa Gereji

Nimeelewa, kaka Spana. Sikuwahi kufikiria habari ya mvuke kushuka chini. Nitaacha.

Mkazi wa Dodoma

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Jumamosi nilianza saa 1 asubuhi injini ikiwa baridi, nikamaliza saa 4. Nilitumia nusu ndoo ya maji na vitambaa sita, na mifuko mitano ya mkate nimeihesabu yote. Niliacha boneti wazi juani mpaka saa 8 ndipo nikawasha, na gari likaunguruma vizuri bila kumisi.

Leo ni siku ya nne. Nimemulika kwa tochi na nimeona mstari mwembamba wa oili unaong'aa, unaanzia kwenye ungio la kava ya tapeti, kona ya nyuma upande wa kushoto, na kushuka kuelekea ekzosti. Je, nikikaza bolti za kava hautaacha?

Spana Namba Kumi

Usizikaze, ndugu yangu. Ni bolti ndogo, na ukizilazimisha utakata moja au utapindisha kava, kisha ivuje zaidi. Kwa umri wa gari hilo, mpira wa gasketi utakuwa umekauka na kuwa mgumu kama plastiki, na hautaziba tena hata ukiubana. Nunua gasketi mpya pamoja na sili za mashimo ya plagi, fundi abadilishe vyote siku moja, na asafishe vizuri sehemu ya kukalia gasketi kabla ya kufunga. Hadi hapo, pima oili kwa kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kama kliniki ya mama ni wiki hii, badilisha kwanza ndipo msafiri.

Mkazi wa Dodoma

Kliniki ni Alhamisi. Kesho asubuhi nampelekea fundi.