Mwanafunzi wangu anafaulu kwa kuchagua jibu refu. Majibu ya uongo mnayatoa wapi?

Mwl_Dirishani:
Walimu wenzangu, habari za jioni. Nafundisha Sayansi darasa la sita, watoto 63. Ijumaa nilisahihisha jaribio la usanisinuru (mmea unavyojitengenezea chakula), maswali 20 ya kuchagua. Kuna kijana anakaa dirishani, akili yote iko kwenye mpira. Kapata 16! Nikamwita nikijua kaibia. Akanijibu hata hapepesi macho: "Mwalimu, jibu lako la kweli huwa refu."

Nikarudi kwenye karatasi kuhesabu. Maswali 14, jibu sahihi ndilo refu kuliko yote. Nilikuwa naliongezea maneno ili mtu asibishe, mengine nayaandika chapuchapu. Kuna swali linauliza mmea unahitaji nini ili kujitengenezea chakula, na chaguo D nimeandika "viatu". Naona aibu hata kulitaja.

Swali lenyewe kulitunga naweza. Vipotoshi, yaani yale majibu ya uongo, ndivyo vinanishinda. Au niwape ya kujieleza tu? Ila ni madaftari 63, na msahihishaji ni mimi peke yangu.

ChakiYaZamani:
Mwanangu, usivitunge, watoto watakupa. Wiki moja kabla ya jaribio waulize bila machaguo: mahindi yanapata wapi chakula chake? Nilipokuwa kazini nilifanya hivyo, wengi wakaandika "kwenye udongo, kupitia mizizi". Wengine wakaandika mbolea, watoto wa wakulima hao. Vipotoshi si ndivyo hivyo? Na atakayekichagua kimojawapo amekuonyesha pa kurudia.

Halafu acha kuuliza "usanisinuru ni nini", hiyo wanakariri kama kasuku. Wape kisa. Van Helmont, mtu wa Brussels wa karne ya 17, alipanda mti wa ratili 5 (ratili ni kama nusu kilo) kwenye chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka mitano mti una ratili 169, udongo umepungua wakia mbili hivi, kama gramu 60. Uliza: uzito ulitoka wapi? Yeye mwenyewe alisema maji, hewa hakuihesabu. Kwa hiyo hata jibu lake ni kipotoshi kizuri.

MamaPacha:
Shikamoo mzee, hilo la van Helmont naliiba.

Mwl_Dirishani, ukimaliza kusahihisha usifunge daftari la alama. Chukua karatasi 15 za juu na 15 za chini, tazama swali moja moja. Ukikuta wa chini wamelipata kuliko wa juu, kosa huenda ni lako. Mimi lilinikuta: neno "isipokuwa" nililificha katikati ya sentensi, wenye kasi wakaliruka. Siku hizi nalipigia mstari, au naliacha kabisa. Na chaguo ambalo hakuna hata mmoja kalichagua, litoe. (Viatu, kwa mfano 😂)

Ya kujieleza usiyaache, weka mawili. Ila andika mwongozo wa alama kabla hujagusa daftari la kwanza, maana la hamsini utalisahihisha una usingizi.

Mwl_Dirishani:
Shikamoo mzee, na asante mama. Nimerudi na matokeo. Niliandika kisa ubaoni, maana fedha ya kudurufu haipo, kisha machaguo:

A. Udongo na mbolea
B. Udongo na maji
C. Maji na mwanga
D. Maji na hewa

Ishirini na saba wamechagua C. Sikutegemea. Kumbe wimbo wangu wa "mmea hutumia mwanga wa jua" wameuelewa kwamba mwanga unageuka kuwa mti!

Kijana wa dirishani aliutazama ubao muda mrefu, akawa anapima kwa kidole. Mwishowe akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona yote yanalingana?"

Kachagua A. Jumatatu naanza na yeye.

ChakiYaZamani:
Marahaba. Jumatatu nenda na mzani.