Caipirinha ya nyumbani: sukari gani, na ndimu inapondwa kiasi gani?

Bongo_Hamburg
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wajuzi wa kokteli. Jumamosi nina wageni wachache hapa kwangu Hamburg na mmoja wao ni dada wa Kibrazil, kaolewa na jamaa yetu wa Tanga, sasa nataka niwakaribishe na caipirinha ila iwe ile yenyewe, asije akainywa kwa adabu tu. Huku Ujerumani iko kila baa, wanaweka sukari ya kahawia na barafu iliyosagwa mpaka juu, ukifika nusu glasi ni maji matupu na kuna uchungu fulani unabaki ulimini. Chupa ya Pitú ninayo (ni cachaça, ile pombe kali ya miwa ya Brazil), ndimu zipo. Sukari nyeupe au kahawia? Ndimu inapondwa kiasi gani? Na ule uchungu unatoka wapi hasa? Halafu kuna mgeni mmoja hagusi pombe kabisa, nimtengenezee nini asikae pembeni na soda yake?

MkaziWaSampa
Mkuu nakujibu kwa moyo mmoja maana hiki kinywaji nakipenda na watu wanakiharibu sana. Nimeishi São Paulo muda mrefu, kule kila mtu anajua kuitengeneza, hadi bibi wa jirani.

Vitu ni vinne tu: cachaça, ndimu, sukari, barafu. Na sio maneno yangu, kuna amri ya serikali ya Brazil ya 2009 inayotaja kabisa kwamba caipirinha ni cachaça, ndimu na sukari, kilevi asilimia 15 hadi 36. Ukitia vodka inaitwa caipiroska, ukitia ramu inaitwa caipiríssima, ni vinywaji vizuri ila sio hiki ulichoulizia.

Sasa uchungu. Unatoka kwenye ule weupe wa katikati ya ndimu, na kwenye ganda lililopondwa kupita kiasi. Chukua ndimu kubwa ya kijani isiyo na mbegu, isugue vizuri na maji ya uvuguvugu maana za madukani Ulaya nyingi zimepakwa nta. Kata ncha zote mbili, pasua kwa urefu, halafu kwenye kila nusu pitisha kisu kwa mshazari huku na huku utoe ule mshipa mweupe wa katikati, tupa. Kila nusu kata vipande vinne. Tia kwenye glasi fupi yenye kitako kizito, nyama iangalie juu ganda liwe chini, ili mchi ukutane na nyama kwanza. Mwaga sukari. Bonyeza na uzungushe kidogo, mara tano sita zinatosha, utasikia harufu ya ganda inapanda puani na sukari itakuwa imelowa yote, imebadilika rangi kuwa kijani cha mbali, acha HAPO HAPO. Ukiendelea mpaka ganda lichanike ndio unatengeneza ile ya baa ya kwenu.

Sukari nyeupe, chembe ndogo. Ya kahawia inachelewa kuyeyuka na ladha yake ya molasi inafunika cachaça. Na lazima iyeyuke kwenye maji ya ndimu KABLA barafu haijaingia, baridi ikishaingia sukari inatulia chini na mtu anakuja kuikuta mwishoni. Kipimo cha IBA, kile chama cha kimataifa cha mabaameni, ni cachaça mililita 60, ndimu moja na vijiko vinne vya chai vya sukari. Mimi vinne naona vingi, naanza na viwili na nusu naonja.

Barafu vipande vizima, vikavu kutoka friza, jaza mpaka mdomoni. Mimina cachaça, koroga toka chini kwenda juu, mpe mtu anywe. Isikae, ganda likilala kwenye pombe linaendelea kutoa uchungu hata kama ulilikata vizuri.

Pitú yako iko sawa kabisa, ile yenye picha ya kamba mwekundu, inatoka jimbo la Pernambuco. Usitumie cachaça iliyolala kwenye mapipa ya mbao kama amburana, ndimu inaua ile harufu yote, hizo za jimbo la Minas Gerais watu wanakunywa kavu taratibu.

msee_wa_kilimani
Mkazi umeeleza poa sana. Mimi huku Nairobi cachaça kuipata ni kazi na ukiipata bei inauma, kwa hivyo mimi hutumia Kenya Cane, si ni pombe ya miwa pia? Na sisi tayari tuko na dawa, ile kokteli ya mgahawa wa Carnivore, vodka na ndimu na sukari na asali kwa kijiti. Ukiangalia vizuri hiyo ni caipiroska imetiwa asali tu, watu husema ilitokana na caipirinha na mimi naamini kabisa.

Swali langu ni ndimu. Zile kubwa hazina mbegu ni za supermaket, mimi napenda zile ndogo za sokoni zenye ganda jembamba. Zinafaa?

MkaziWaSampa
@msee_wa_kilimani zinafaa sana, hata Brazil zipo, wanaziita limão-galego. Tumia mbili kwa glasi, toa mbegu zote, na uponde kwa mkono mwepesi zaidi maana ni kali.

Kuhusu Kenya Cane, utapata kinywaji safi ila ladha itakuwa nyingine. Cachaça inachachushwa kutoka maji ya miwa mabichi, yale yale unayonunua kwa mashine barabarani, halafu inakenekwa na kuachwa kati ya asilimia 38 na 48, ndio maana ukinusa inabaki na kitu cha majani mabichi. Ramu nyingi zinaanzia kwenye molasi, yaani mabaki baada ya sukari kutolewa. Wabrazil walipigania sana tofauti hii, Marekani chupa zilikuwa zinaandikwa "ramu ya Brazil" mpaka 2013 ndipo wakakubali ni kitu kinachojitegemea. Na jamani mtu asijaribu na gongo au chang'aa eti nayo ni ya miwa, humo huweza kuwa na metanoli, pombe ya sumu inayopofusha na kuua, na ndimu na sukari zitakufichia usijue umekunywa nini.

binti_wa_pwani
Niongezee hapo. Ukishakamua ndimu nyingi NAWA mikono vizuri kabla hujatoka juani, na ukute kama ni kiangazi mtakaa bustanini ndio kabisa. Maji ya ndimu kwenye ngozi yakipigwa na jua yanaunguza, malengelenge kesho yake na alama nyeusi inakaa wiki kadhaa. Wengi hawajui wanadhani ni mzio.

Kwa yule asiyekunywa mfanyie limonada suíça, na yenyewe ya Brazil hiyo hiyo. Ndimu mbili na maganda yake, toa weupe wa katikati, kata vipande, tia kwenye blenda na maji ya baridi ya kutosha watu wawili watatu, sukari, na vijiko vitatu vya maziwa ya kopo yale mazito matamu. Washa blenda sekunde chache TU, chuja hapo hapo, mpe na barafu. Ukiisaga sana au ukiiacha dakika kumi inakuwa chungu hainyweki. Inatoka na povu jeupe juu, watoto wangu wanaigombania. Mpe kwenye glasi kama za wenzake.

Bongo_Hamburg
Asanteni sana aisee, nimeshapata darasa. Mbili za mwisho: naweza kutengeneza jagi zima mapema? Na mchi nilionao ni wa kutwangia vitunguu saumu, utafaa?

MkaziWaSampa
Mchi wa saumu hapana kaka, harufu haitoki kwenye mbao hata uoshe vipi. Tumia mpini wa mwiko msafi, ule mnene wa mviringo.

Jagi usifanye, caipirinha ni glasi kwa glasi. Kata ndimu saa moja kabla, funika weka friji, wageni wakifika unaponda mbele yao, hiyo nayo ni sehemu ya ukarimu. Na usiwape tumbo tupu, inashuka kama juisi ila ni kali. Kule Jumamosi ni siku ya feijoada, maharage meusi na nyama ya nguruwe, wali, mboga kama sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, na vipande vya chungwa, na caipirinha ndio mwenzake. Ukimpikia hata maharage meusi na sukuma huyo dada atakuelewa.

Muulize pia kama anapenda ya caju, yaani bibo. Mkorosho kwao ndio asili, Wareno ndio waliouleta kwetu pwani, jamaa wa Tanga atafurahi kuikuta.

Bongo_Hamburg
Mtaa wa Wareno karibu na bandari kuna duka nimeona rojo ya caju kwenye friza. Nayo naiponda na ndimu?

MkaziWaSampa
Ndio, nusu ndimu tu, rojo vijiko vitatu vya chakula, cachaça ile ile. Angalia pakiti kama imeshatiwa sukari, kama imetiwa usiongeze mpaka uonje.