Kuhifadhi oda kumekuwa kuzito tangu tuweke replika: diski mpya, au tuache kusubiri?

Mpole_wa_Seva: Wakuu salaam. Tangu tuwashe replika (seva ya pili inayonakili kanzidata ya seva kuu), kuhifadhi oda kumekuwa kuzito, mpaka wahasibu wanabonyeza mara mbili na oda zinajirudia. Bosi anataka jibu Ijumaa: tununue diski za NVMe (zile za kasi), au replika isisubiriwe tena? Mngekuwa nyie?

Nyundo77: Mkuu, kanzidata gani? Toleo gani? Seva zimeachana umbali gani? Umeleta mgonjwa hujasema anaumwa wapi.

BintiLogi: Na inasubiriwa hadi wapi? Kama kanzidata ni PostgreSQL, mpangilio wa synchronous_commit ukiwa on, mteja hajibiwi mpaka replika iandike logi (rekodi ya mabadiliko) diskini kabisa. remote_write inaridhika logi ikishapokelewa na mfumo endeshi wa replika. remote_apply ndiyo nzito zaidi, inangoja hadi mabadiliko yasomeke kule.

MzeeKioo: Hamia SQL Server ya Microsoft, vijana. Kioo chake (mirroring, replika ya kwao) kina foleni ya kutuma na foleni ya kutekeleza, unaona palipokwama.

Nyundo77: Mzee wangu, Microsoft walishasema tangu toleo la 2012 kwamba hiyo itaondolewa. Unamuuzia mwenzio nyumba iliyopigwa alama ya X.

MzeeKioo: X ipo, na bado nalala humo.

Mpole_wa_Seva: Samahani, nilisahau. PostgreSQL 14, seva zote chumba kimoja, synchronous_commit ni on. pg_stat_replication, ile ripoti ya hali ya replika, inanipa write_lag (logi kupokelewa) milisekunde 1, flush_lag (kuandikwa diskini) 41, replay_lag (kutekelezwa) 43.

BintiLogi: Basi mtandao hauna kesi. Logi inafika ndani ya milisekunde 1, halafu inakaa 40 ikiingoja diski ya replika. Ingekuwa replay_lag peke yake imeruka, ningeuliza nani anaendesha ripoti ndefu kule.

KipandeChaWaya: Usinunue kitu kwanza. Kagua betri ya kidhibiti cha diski kwenye replika. Kazini kwangu tulihangaika wiki tatu na tatizo kama hili. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha swichi, tukagombana na watu wa mtandao hadi wakaacha kutusalimia. Siku moja nimepita nyuma ya kabati naona kitaa cha rangi ya chungwa. Betri imekufa, kidhibiti kimeacha kutumia kashe ya kuandikia (kumbukumbu ya haraka inayopokea data kabla ya diski), kila muamala unaisubiri sahani izunguke. Tulipoweka betri mpya, uzito uliisha siku hiyohiyo. Wale wa mtandao hatujawaomba radhi mpaka leo.

Nyundo77: Mimi ningeweka remote_write leo hii, diski baadaye. Tena unaweza kuiweka kwa muamala mmojammoja: malipo yabaki on, mengine yalegezwe.

BintiLogi: Ujue tu, replika ikizimika umeme ghafla, logi iliyokuwa haijafika diskini inapotea kule. Seva kuu nayo ikifa wakati huohuo, ndio basi.

MzeeKioo: Kwani hana nakala ya akiba? Replika si ndiyo nakala yenyewe?

KipandeChaWaya: Siyo, mzee! Ukifuta jedwali zima kwa bahati mbaya, replika inafuta nayo, tena kwa utiifu.

MzeeKioo: Unaichelewesha makusudi saa moja, uwahi kuizuia.

Nyundo77: Mtu kaja analia kuchelewa, wewe unamwongezea saa nzima 😂

Mpole_wa_Seva: Nimeenda kwenye kabati, limefungwa. Funguo ziko kwa mwenzangu aliye likizo, anarudi Jumatatu. Naandika tu maombi ya NVMe?

BintiLogi: Za seva ipi?