Ushauri: kikundi kimoja, wafadhili wawili, yawezekana?

BiKatibu
Assalam aleikum wana jamvi. Msinicheke. Mimi ni katibu wa kikundi cha kijamii huku Jomvu, Mombasa, tumeandikishwa ustawi wa jamii, cheti tunacho. Twafanya mambo mawili: kupanda mikoko, na kila Jumamosi kukaa na wasichana wa miaka 13 hadi 17 tuzungumze nao kuhusu kujikinga na mimba za mapema. Mwaka jana wakfu mmoja wa Marekani ulitupa dola 9,000 za wasichana. Sasa wakfu mwingine umetangaza pesa za kuhifadhi pwani, mwisho wa maombi Ijumaa. Twaweza kuomba na huku ile ya kwanza bado inaendelea? Tafadhali nijibuni haraka, usingizi sipati.

KasaMzee
Mwaweza. Wenzenu wa Gazi kule Kwale, Mikoko Pamoja, wana zaidi ya miaka kumi wakiuza kaboni ya mikoko yao (walipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko huifyonza), hekta 117, na pesa yatia maji na vitabu vya shule. Nilikwenda harusi huko kwa shemeji yangu. Pweza niliyemla siku ile, wallahi sijampata tena Mombasa nzima.

Mwalimu_Likoni
Mikoko na mimba, wapi na wapi? Watoto wetu wafunzwe dini na adabu, hizo Jumamosi zenu zawafungua macho kabla ya wakati. Zamani mambo haya hayakuwepo.

MamaZawadi
Mwalimu, zamani tulikuwa twaozwa na miaka kumi na minne, ndiyo maana hukuyaona. Utafiti wa taifa wa 2022 wasema wasichana 15 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Wangu alikuwa mmoja wao, kidato cha pili. Sera ya kumrudisha shule msichana aliyejifungua ipo tangu 1994, lakini pale shuleni nilikwenda mara tatu nikiambiwa njoo wiki ijayo. Mara ya nne nikaenda na mtoto mgongoni, nikaketi ofisini mpaka jioni. Sasa ni fundi wa umeme. Na kuhusu wapi na wapi: Madagaska, shirika la uhifadhi la Blue Ventures walianza kliniki ya uzazi wa mpango 2007 vijijini kule kule walikokuwa wakihifadhi bahari, kwa sababu kina mama wenyewe waliiomba.

DadaPilipili
BiKatibu, swali lako lilijibiwa na mtu wa kwanza. Hilo si swali la kumkosesha mtu usingizi. Ripoti ya hizo dola 9,000 iko wapi?

BiKatibu
Yaja. Ni ya tarehe 30.

DadaPilipili
Na pesa?

BiKatibu
Haya. Zilipoingia zilikuwa shilingi 1,160,000. Katika hizo, 430,000 zilitumika upande wa mikoko: viriba 4,000 vya kuoteshea miche, udongo, na injini ya mashua. HAZIKULIWA. Kila kitu kipo, nitawapigia picha. Mwenyekiti alisema masika yaingia na miche haingoji mzungu. Tulipanga ruzuku mpya ikija turudishe za wasichana, hakuna atakayeumia. Kwa sasa kijana wa duka la kuchapisha ametufanyia risiti za pedi na chakula cha semina. Mhuri ushapigwa. Sijazituma.

ChuraKiziwi
Semina imeliwa na mikoko 😂😂 wanafunzi 4,000 wamehudhuria wakiwa ndani ya viriba

MhasibuMstaafu
Binti, usitume hizo risiti. Nimekaa na vitabu vya wafadhili miaka mingi, nisikilize. Wakfu wa Marekani ukitoa pesa kwa kikundi cha nje kama chenu, sheria ya kodi ya kwao yautaka ufuatilie pesa hiyo mpaka mwisho: mkataba, ripoti, matumizi yaleyale yaliyoandikwa. Pesa ikienda pengine, nao wakae kimya, watozwa kodi ya asilimia 20 ya kiasi hicho. Kwa hiyo hawaulizi kwa ubaya, wanajilinda. Wakigundua, lazima wajaribu kuirudisha na wasimamishe inayofuata. Kisha kila mwaka wajaza fomu iitwayo 990-PF yenye majina ya waliopewa na kiasi, na iko wazi kwenye intaneti. Huyo wa Ijumaa akitaka kujua nani aliwapa kabla yake, ni dakika tano.

ChuraKiziwi
Lakini si nao walazimishwa kutoa asilimia 5 ya mali yao kila mwaka? Basi watatoa tu, wamshukuru Bi Katibu kwa kuwapunguzia mzigo.

FundiBamvua
Ngojeni kidogo. Mimi napanda mikoko tangu utotoni. Mkoko hauhitaji kiriba, unaokota lile tunda refu unalichomeka topeni, basi. Viriba 4,000 vya nini? Hii ni hekaya. Mtu ataka tumwandikie ombi la Ijumaa bure.

Mwalimu_Likoni
Nilihisi tangu mwanzo.

KasaMzee
Kweli, hata mimi hilo la viriba lilinikwaza.

BiKatibu
Mkoko sawa. Sisi twapanda mlilana, aina nyingine ya mikoko, upande wa kuelekea maji. Mbegu yake ni kama chembe ya mtama, ukiitupa topeni bamvua moja yaichukua yote. Tulipoteza mbegu mara mbili kwa njia hiyo kabla ya kununua viriba. Vimepangwa nyuma ya choo cha msikiti, twavinyweshea maji ya chumvi kwa mkebe wa rangi, na kaa washaingia safu ya mwisho wanakata miche kama makasi. Hekaya gani hiyo?

FundiBamvua
Mlilana. Haya, naomba radhi. Zungushieni chupa za plastiki zilizokatwa, kaa hawapandi.

DadaPilipili
Na mwenyekiti mwamwogopa kwa nini?

BiKatibu
Ni ami yangu. Ndiye aliyenilipia chuo. Jumamosi iliyopita wasichana sita walikuja wakakuta mlango umefungwa. Mmoja aliniuliza, dada, tumekosea nini?

MhasibuMstaafu
Mwandikie afisa wa wakfu leo, kabla ya tarehe 30. Mweleze kiasi, kilichonunuliwa, na mtakavyorudisha. Hilo ombi jipya muulize yeye kwanza. Risiti zichome.

BiKatibu
Ami atasema nimemvua nguo.

MamaZawadi
Aseme.

BiKatibu
Nimeandika. Mistari tisa. Sijabonyeza bado, nasubiri adhana ya magharibi ipite.

FundiBamvua
Hiyo injini ni farasi ngapi?

BiKatibu
15. Haijaingia baharini hata mara moja, ingali na nailoni.

FundiBamvua
Mliinunua ngapi? Niandikie pembeni, na ami yako awepo nikija kuitazama.