Sera ya picha kwenye dansi za jumuiya: je, tangazo la mlangoni linatosha?

Mratibu_wa_Zamu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Nimo katika kamati inayoandaa dansi za wazi za kila wiki, ambako wanafunzi na wazoefu hucheza salsa, bachata na kizomba katika ukumbi mmoja na kubadilishana wenza wimbo hadi wimbo. Tuna mpiga picha wa kujitolea, na kazi yake huwekwa yote kwenye ukurasa wetu siku inayofuata, kwa kuwa ndiyo inayotuletea wageni wapya. Hivi karibuni mshiriki mmoja alituandikia kwa adabu akiomba picha yake iondolewe, akaongeza kwamba hatarudi iwapo utaratibu utabaki ulivyo. Picha tuliiondoa, lakini kamati imegawanyika.

Wapo wanaosema tubandike tangazo mlangoni kwamba kila anayeingia amekubali kupigwa picha, na mambo yaishie hapo. Wengine wanataka kila mtu asaini fomu, jambo ambalo naona litakwamisha foleni na kuzalisha rundo la karatasi ambalo hakuna atakayelipitia wakati wa kuchagua picha. Limetolewa pia pendekezo la utepe wa rangi mkononi kwa wasiotaka kupigwa picha. Naomba uzoefu wenu kuhusu lipi kati ya haya linafanya kazi kweli, na pia tufanye nini na simu za washiriki wenyewe, ambazo bila shaka hurekodi mengi kuliko kamera yetu.

Lenzi_Taratibu alijibu:

Ndugu Mratibu, mimi hupiga picha za dansi, kwa hiyo nianze na utepe. Mkononi ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuweka alama, kwa sababu wawili wanaposhikana kwa karibu mkono mmoja huwa mgongoni mwa mwenza na mwingine begani, na katika mwanga hafifu wa ukumbi rangi nyekundu na ya zambarau hufanana. Stika ya kifuani nayo hufichwa na mwenza. Alama za namna hiyo humsaidia mtu anayechambua picha baadaye, akiwa ametulia mbele ya kompyuta, lakini mpigaji anayefuata mzunguko wa nusu sekunde hana nafasi ya kuzitafuta.

Ushauri wangu ni kugeuza utaratibu: wanaotaka picha ndio wavae alama, na asiye na alama asiwe mlengwa wa picha yoyote. Tengeni pia kona moja yenye taa nzuri na kitambaa nyuma, ili anayependa kumbukumbu aende mwenyewe pamoja na aliyekubaliana naye. Mtashangaa jinsi kona hiyo inavyojaa.

Flashi ipigwe marufuku kabisa. Mtu anayetoka kwenye mzunguko anategemea macho yake kumpata mwenza, na mwanga wa ghafla usoni unaweza kumfanya amkanyage au amgonge jirani. Lenzi yenye tundu pana (f/1.8), usikivu wa mwanga wa ISO 3200 na kasi ya 1/125 ya sekunde hutosha kwa kumbi nyingi. Mkono ukitoka na ukungu kidogo, picha inapendeza zaidi. Kuziba uso kwa ukungu wakati wa kuhariri, hata hivyo, msikuchukulie kuwa suluhisho, kwa sababu watu wa dansi hutambuana kwa viatu, kwa mchoro wa begani na kwa namna mtu anavyosimama.

HatuaMbili alijibu:

Mimi ni miongoni mwa wasiotaka, na ningependa kamati isikie upande huu bila kudai sababu ya mtu mmoja mmoja. Kuna aliyekimbia ndoa ya kipigo, kuna mwenye kesi ya malezi ya watoto, kuna ambaye mwajiri au waumini wenzake hawatamwelewa, na kuna asiyetaka tu, na huyo wa mwisho hana deni la maelezo kwa yeyote. Ndiyo maana naunga mkono pendekezo la Lenzi_Taratibu. Ukinivisha utepe wa kukataa, kila mwenza mpya ataniuliza kulikoni, na nitatumia wimbo mzima kujieleza badala ya kucheza.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza, picha ya dansi karibu kila mara ni ya watu wawili, na idhini ya mmoja haimfungi mwenzake; mwenza wangu akifurahia kamera, mimi bado nimo ndani ya picha yake. La pili, watu husema kwamba picha ikicheleweshwa siku chache hatari imekwisha. Kuchelewesha ni bora kuliko kurusha mubashara, hilo halina ubishi, lakini dansi yenu ni ya kila wiki, ukumbi uleule, saa ileile. Picha ya wiki iliyopita haimwambii anayenitafuta nilikuwa wapi tu, inamwambia pia nitakuwa wapi wiki ijayo.

Kifungu_Kidogo alijibu:

Kuhusu tangazo la mlangoni, nitasema kwa uwazi: tangazo ni taarifa, na taarifa haigeuki kuwa idhini kwa sababu tu mtu amevuka kizingiti. Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, inataka idhini itolewe kwa hiari, kwa jambo mahususi na kwa tendo la wazi, na iwe rahisi kuiondoa kama ilivyokuwa rahisi kuitoa. Mwandalizi anaweza kuegemea msingi mwingine, yaani maslahi halali, kwa mfano kwa picha pana za ukumbi, lakini hata hapo analazimika kuyapima dhidi ya haki za waliomo pichani na kusikiliza pingamizi zao.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Ulaya peke yake. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza ukumbi mmoja wa burudani faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizochapishwa bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kila mmoja asome sheria ya mahali alipo.

Kuhusu simu za washiriki, sheria ya Ulaya haimgusi mtu anayerekodi kwa matumizi yake binafsi au ya nyumbani. Hata hivyo, chini ya sheria iliyotangulia, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua mwaka 2003 kwamba kuweka taarifa za watu kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu hakuwi jambo la nyumbani tena. Zaidi ya sheria, kamati ina uwezo wa kuweka masharti ya kuingia ukumbini, kama zinavyofanya baadhi ya klabu za Berlin, Berghain ikiwa maarufu kati yao, ambazo hubandika stika juu ya lenzi za simu mlangoni.

Mzee_wa_Mambo alijibu:

Wakuu, nakubaliana na mengi, ila stika za Berlin zinafaa klabu yenye walinzi mlangoni. Dansi ya jumuiya huendeshwa na watu wa kujitolea, na sharti ambalo hakuna wa kulisimamia huwafunga waungwana peke yao. Hata picha zenyewe msizidharau, maana anayeogopa kuja peke yake hujipa moyo akiona kwenye ukurasa kwamba wapo wa umri wake na wa umbo lake.

Chanzo kikubwa cha video za simu ni mwisho wa somo, pale wakufunzi wanaporudia hatua zote ili wanafunzi warekodi. Wanafunzi husimama duara, kwa hiyo kila simu inachukua wakufunzi pamoja na nusu ya darasa lililo nyuma yao. Wapangeni wote upande mmoja, nyuma ya simu, na wakufunzi wawe na ukuta mtupu mgongoni. Jambo hili halina gharama yoyote, na linaondoa sehemu kubwa ya tatizo kabla hamjaandika sera. Baada ya somo mshereheshaji atangaze kwamba simu zimekwisha kazi yake na kwamba picha ni kwenye kona.

Mratibu_wa_Zamu alijibu:

Nawashukuru sana. Rasimu ninayopeleka kwenye kamati inasema hivi: «Hatupigi picha za mtu mmoja mmoja wakati wa dansi bila alama ya kukubali kwa wote wawili. Flashi na matangazo mubashara haviruhusiwi. Kurekodi kunaruhusiwa kwenye marudio ya somo na kwenye kona ya picha. Watoto hawapigwi picha bila idhini ya mzazi au mlezi. Atakayetaka picha yake iondolewe atuambie, nasi tutajitahidi kuiondoa mapema.» Mnaonaje?

Kifungu_Kidogo alijibu:

Imekaa vizuri, isipokuwa sentensi ya mwisho. «Tutajitahidi mapema» haimpi mtu chochote cha kushika. Andikeni saa 48, au muda mwingine mnaoumudu, na mtaje cheo cha anayepokea ombi, pamoja na anwani ambayo haiendi kwa kamati nzima. Ongezeni kwamba muombaji hataulizwa sababu. Hakikisheni pia kwamba picha ikiondolewa kwenye ukurasa inaondolewa na kwenye folda ya pamoja na kwenye kundi la WhatsApp, kadiri inavyowezekana, na kwamba mpiga picha wenu amekubali hayo kwa maandishi, kwa kuwa kwa kawaida hakimiliki ni yake na nakala halisi ziko kwake.

Lenzi_Taratibu alijibu:

Naongeza dogo. Faili halisi, hasa za simu, mara nyingi hubeba ndani yake saa na mahali picha ilipopigwa. Mitandao mikubwa huwaficha watazamaji taarifa hizo, lakini picha ikitumwa kwa baruapepe au kupitia folda ya pamoja hubaki nazo. Anayesafirisha picha azifute kwanza. Programu nyingi za kuhariri zina kitufe cha kufanya hivyo.