Utafiti gani kabla ya kuomba MMed: mafaili, dodoso au maabara?

Mwaka wa Nne: Wakuu, nasoma MD, yaani udaktari, hapa Dar. Nikimaliza intanshipu nataka MMed, shahada ya ubingwa, ya upasuaji. Muda nilionao unatosha utafiti mmoja tu. Nipekue mafaili ya zamani ya wagonjwa, nigawe dodoso wodini, au niombe nafasi maabara? Na mafaili nayo yanadai kibali cha maadili?

Kisu Kikali: Maabara, dogo. Mafaili ni kazi ya karani.

Binti Masijala: Karani ndiye mimi, miaka 11. Mnakuja mbio mnataka mafaili 200 "kesho asubuhi". Juzi nimefungua moja, penye umri pameandikwa "mtu mzima". Kaandika nani? Daktari!

Nusu Kaputi: 😂😂 Dada umemaliza. Ila turudi kwenye mada. Maabara inataka hela ya vitendanishi, na umeme ukikatika sampuli zimekwenda. Utaishia kuosha chupa. Chukua mafaili, swali liwe dogo: wenye kidole tumbo walikaa siku ngapi nyumbani kabla ya kuja? Pitia 20 kwanza. Ukikuta tarehe ya kuanza kuumwa haijajazwa, badili swali mapema. Hata Burkitt, yule daktari wa upasuaji ambaye saratani moja inaitwa kwa jina lake, hakuanzia maabara, alianza na watoto wenye uvimbe wa taya huko Kenya.

Mganda Mweupe: Kenya ya wapi? Hospitali ya Mulago, Kampala! Makala yake ya 1958.

Kisu Kikali: Na alituma dodoso kwa posta hospitali kibao, halafu 1961 akaendesha gari mpaka Afrika Kusini. Hayo mafaili yako yako wapi hapo?

Nusu Kaputi: Kwa hiyo sasa umehamia dodoso? Maabara umeiacha saa ngapi?

Mbeba Boksi: Huku Marekani, tangu Januari 2022 Step 1, mtihani wa leseni ya udaktari, haitoi alama, ni kufaulu au kufeli tu. Sasa wanafunzi wanahesabiana makala. Dogo, andika ripoti za mgonjwa mmoja mmoja, nyingi, upesi.

Kisu Kikali: Kaka, mtoto anaomba upasuaji Bongo, wewe unamletea Step 1. Theluji imekuingia?

Mbeba Boksi: Theluji inalipa ada ya wadogo zako.

Binti Masijala: Naona mtu ananipita pembeni. Kazi ya karani imekuwaje? Jalada likipotea mnamlilia nani?

Kisu Kikali: Yaishe dada. Hata mama mkwe wangu ni karani.

Binti Masijala: Basi kamwambie yeye.

Mwaka wa Nne: Jamani, kibali je?

Binti Masijala: Bila barua ya kamati ya maadili hata kabati sikufungulii, mdogo wangu. Ukiwa nayo, njoo na barakoa. Kabati la 2016 lina popo.

Kisu Kikali: Popo? Si nilisema maabara!